Kumfunza Sungura wa Nyumbani kwa Zawadi za Chakula Bora: Mwongozo kwa Wafugaji wa Kariakoo na Katikati ya Dar es Salaam

Sungura wa nyumbani hujifunza haraka akilipwa kwa kitu anachokipenda, na kitu hicho karibu kila mara ni chakula. Anaweza kuzoea kuitika jina, kuingia mwenyewe ndani ya tenga la safari, kujisaidia mahali pamoja, kupanda mizani na kutulia anapokaguliwa kucha. Ugumu ni kwamba vyakula anavyovikimbilia zaidi, yaani vitamu na vya wanga, ndivyo vinavyomuumiza tumbo. Kwa hiyo mafunzo yote yamesimama juu ya kanuni moja: zawadi hukatwa kutoka katika mgao wa chakula wa siku, haiongezwi juu yake.

Katika vyumba na ghorofa za Kariakoo, Gerezani, Jangwani, Kisutu na Upanga, kanuni hiyo hukutana na mambo matatu ya mahali penyewe. Nyasi hazipatikani mlangoni, joto ni kali kwa miezi mingi, na mtaa una kelele kuanzia alfajiri. Kwa upande mwingine, mboga za majani zinazofaa kuwa zawadi huuzwa kwa mafungu karibu kila kona, kwa bei ambayo familia nyingi zinaimudu.

Tabia na mwili wa sungura

Sungura anayefugwa hatokani na sungura wa porini wanaoonekana katika nyika za Tanzania. Wale ni wa jenasi ya Lepus: huishi juu ya ardhi, kwa kawaida mmoja mmoja, na huzaa watoto wenye manyoya na macho yaliyofumbuka. Wa kufugwa ametokana na Oryctolagus cuniculus, mnyama wa Hispania na Ureno anayeishi kwa makundi ndani ya mashimo. Tofauti hii ina maana katika mafunzo. Mnyama wa kundi ana uwezo wa kumzoea binadamu. Mchimba mashimo hupenda kuingia mahali pembamba penye kiza, hivyo tenga lenye mlango si kitu cha kumtisha. Aidha, makundi ya porini huwa na mahali maalumu pa kujisaidia ili kuweka alama ya mipaka, na tabia hiyo ndiyo inayofanya choo cha beseni kiwezekane.

Sungura ni mnyama anayewindwa. Macho yake yako pembeni mwa kichwa na huona karibu pande zote, lakini haoni kilicho mbele kabisa ya pua wala chini ya kidevu. Zawadi ikiletwa hapo huitafuta kwa harufu na kwa ndevu zake, na ndiyo sababu mara nyingine hung'ata kidole bila kukusudia. Mkono unaoshuka ghafla kutoka juu humshtua, kwa sababu mwewe hushuka hivyo hivyo. Zawadi hutolewa kutoka ubavuni, katika usawa wa kichwa chake, na mtoaji akiwa amekaa chini.

Tumbo lake linahitaji kueleweka kabla ya kuchagua zawadi yoyote. Meno yake 28 hayaachi kukua maisha yote. Ya mbele hukua takriban milimita 2 kwa wiki, na kinachoyasaga ni kutafuna nyasi kwa saa nyingi. Mwanzoni mwa utumbo mpana kuna mfuko mkubwa wenye vijidudu vinavyochachusha majani. Sehemu ya kinachotoka katika mfuko huo ni kinyesi laini chenye umbo la kichala, ambacho sungura hukila palepale kinapotoka, ili apate protini na vitamini zilizotengenezwa humo. Jambo hilo ni la kawaida na halizuiwi. Sukari na wanga vikizidi, vijidudu vibaya huongezeka, gesi hujaa na mwendo wa utumbo hupungua. Sungura hawezi kutapika, kwa hiyo kosa likishaingia tumboni halina mlango wa kurudia.

Chakula cha msingi kabla ya zawadi

Nyasi, mbichi au kavu, huwa asilimia 80 hadi 85 ya chakula cha sungura mzima, na huwekwa mbele yake usiku na mchana. Kipimo chepesi ni lundo linalolingana na mwili wake kila siku. Juu yake huongezwa konzi moja au mbili za mboga za majani na maji safi yasiyokatika. Chakula cha peleti, kikitumika, hakizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Sungura wa kilo 2 hula basi gramu 50 za peleti au pungufu.

Kupata nyasi ndiyo kazi kubwa kwa mkazi wa katikati ya jiji. Wengi huagiza kutoka kwa watu wanaokata majani ya ng'ombe wa maziwa pembezoni mwa mji, au hukata wenyewe ukoka kwenye viwanja vya ndugu huko Mbagala, Chanika, Bunju au Kibaha. Nyasi za bonde la Msimbazi pale Jangwani ziko karibu, lakini hazifai: mto huo hupokea majitaka ya makazi na ya viwanda, na mafuriko husambaza uchafu huo bondeni kote. Nyasi za kando ya barabara zenye magari mengi nazo huachwa.

Nyasi zilizokatwa hutandazwa kivulini penye hewa, mathalani kwenye ukumbi wa juu wa ghorofa, na kugeuzwa kila siku mpaka zikauke zikiwa bado za kijani na zenye harufu nzuri. Wakati wa masika kukausha ni kugumu, hivyo akiba hutengenezwa kuanzia Januari na Februari. Zikiota ukungu hutupwa zote, wala hazichambuliwi.

Zawadi zinazofaa

Zawadi bora ina sifa nne: ina harufu inayomvuta, inakatika vipande vidogo, inatafunwa na kwisha kwa sekunde chache, na haina sukari nyingi. Majani hutimiza sifa hizo kuliko matunda. Zifuatazo zinapatikana katika mitaa ya soko la Kariakoo, Kisutu, Ilala na Buguruni:

- Giligilani, nanaa na mrehani. Harufu yake ni kali na jani moja hutoa vipande vitatu au vinne. Hizi ndizo zawadi za kila siku.
- Matembele. Ni chakula cha kawaida cha sungura katika Afrika Mashariki, na jani moja likipasuliwa hutosha kwa marudio kadhaa.
- Majani ya karoti na ya figili. Karoti nyingi hufika sokoni zikiwa zimeshakatwa majani, lakini muuzaji akiombwa mapema anaweza kumwekea mteja.
- Majani ya mlonge, kwa kiasi kidogo, mabichi au makavu.
- Mchicha. Unafaa kwa zamu, si kila siku, kwa sababu una okzaleti nyingi kuliko mboga nyingine.
- Pilipili hoho isiyo na mbegu na tango, vikikatwa vidogo.
- Peleti zake mwenyewe. Punje kumi zilizotolewa katika mgao wa asubuhi ni zawadi kamili isiyoongeza chochote.

Matunda hutunzwa kwa masomo magumu tu. Papai, embe, tufaa, nanasi, ndizi mbivu na tikiti maji vyote hupendwa, na kiasi chake hakizidi kijiko kimoja cha chai kwa kila kilo ya uzito kwa siku nzima. Kijiko cha chai cha papai lililokatwa kwa ukubwa wa punje ya mahindi hutoa vipande kama kumi, na vipande kumi vinatosha somo zima. Karoti yenyewe, ambayo wengi hudhani ndiyo chakula cha asili cha sungura, ina sukari ya kutosha kuhesabiwa pamoja na matunda.

Sungura walio chini ya wiki 12 hawapewi matunda, kwa kuwa tumbo lao bado linajengeka. Majani nayo huanzishwa moja moja: kipande kidogo siku ya kwanza, kisha kusubiri saa 24 kuona kama kinyesi kimebaki kigumu na cha mviringo.

Vitu vya kuepukwa

Baadhi ya vitu vya jikoni ni sumu kwa sungura: parachichi pamoja na majani na ganda lake, vitunguu maji, vitunguu saumu, chokoleti, majani ya nyanya na ya viazi mviringo, na viazi vyenyewe vikiwa vimechipua au kugeuka kijani. Kisamvu kibichi hutoa sayanidi kinapotafunwa, na majani ya mlusina yana kemikali inayodhuru wanyama wasiocheua.

Vingine si sumu lakini huvuruga tumbo: mkate, chapati, maandazi, biskuti, wali, ugali, mahindi na bisi. Karanga na mahindi vina hatari ya ziada ya sumukuvu, ambayo hujitokeza nafaka zinapohifadhiwa zikiwa na unyevu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya kati ya Tanzania, na mnyama mwenye uzito wa kilo 2 huhitaji kiasi kidogo zaidi ili adhurike. Mtindi na vitafunwa vya rangi vinavyouzwa kwa jina la chakula cha sungura pia huachwa, kwa sababu sungura mzima hana haja ya maziwa wala sukari.

Kununua, kuosha na kuhifadhi

Mboga hununuliwa asubuhi kabla jua halijazinyausha, na fungu moja la giligilani hutosha mafunzo ya siku kadhaa. Majani hufunguliwa uzi, huchambuliwa, na kuoshwa kwa maji safi mara mbili au tatu ili kuondoa udongo na mabaki ya dawa za shambani. Kisha hukung'utwa na kuachwa yakauke maji juu ya kitambaa. Yakifungwa katika kitambaa chenye unyevu kidogo na kuwekwa ndani ya jokofu hukaa siku tatu hadi nne. Pasipo jokofu, mashina husimamishwa ndani ya kikombe cha maji na majani hutumika siku hiyo hiyo au kesho yake. Jani lililoanza kuteleza au kunuka halipewi mnyama.

Nanaa, mrehani na mlonge huweza kukaushwa kivulini na kutunzwa ndani ya chupa yenye kifuniko. Majani makavu yana faida mbili katika jiji lenye joto: hayaozi mfukoni wakati wa somo, na mlio wake yanapovunjwa huwa wenyewe ishara ya kuita.

Mahali na wakati wa somo

Sungura huchangamka zaidi alfajiri na jioni. Saa hizo zinafaa pia kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam, ambako kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30. Sungura hatoi jasho. Hupunguza joto hasa kupitia masikio, na joto linapozidi nyuzi 28 huanza kutaabika. Vyumba vilivyo chini ya bati huwa vibaya kuliko vyote. Somo la mchana wa Februari halina faida: mnyama amejinyoosha chini, hataki kula, na kumsukuma ni kumhatarisha. Chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa kwa kitambaa na kulazwa karibu naye ndiyo msaada anaouhitaji saa hizo.

Somo hufanyika kabla ya mlo wa mboga wa jioni, sungura akiwa na hamu lakini hajanyimwa nyasi. Kumshindisha njaa ili apende zawadi ni hatari, kwa sababu utumbo usiopata kitu kwa saa nyingi husimama.

Sakafu ya vigae huteleza, na sungura anayeteleza huacha kujaribu. Mkeka wa ukindu au kipande cha zulia hutandikwa. Mkeka wa plastiki haufai kwa kuwa huutafuna na kumeza nyuzi zake. Nyaya za umeme na za chaja huinuliwa au kupitishwa ndani ya bomba gumu.

Kelele za mtaa, yaani honi za bodaboda, vipaza sauti vya machinga na milio ya mikokoteni, haziwezi kuzimwa. Hupunguzwa kwa kuchagua chumba kisicho na dirisha la barabarani na kwa kuweka karibu boksi lenye matundu mawili ambamo sungura anaweza kukimbilia. Akipiga sakafu kwa mguu wa nyuma amestuka. Somo husimama mpaka aanze tena kula au kujilamba. Sungura aliyetoka sokoni au aliyehamia nyumba mpya hupewa wiki moja ya kutulia kabla ya somo la kwanza.

Ishara ya sauti na sekunde moja

Mwishoni mwa karne ya 19 Edward Thorndike wa Marekani alionyesha, kwa majaribio ya paka, kwamba tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa. B. F. Skinner aliliendeleza wazo hilo kimaabara, na wanafunzi wake Keller na Marian Breland walilifanya kazi ya kibiashara kuanzia miaka ya 1940, wakitumia sauti fupi kumjulisha mnyama kwamba amepatia. Miongoni mwa wanyama wao alikuwamo sungura aliyeonekana katika tangazo la televisheni la miaka ya 1950 akitumbukiza sarafu kwenye kibubu. Huko Sweden, tangu miaka ya 1970, sungura hufunzwa kuruka vizuizi katika mashindano. Mbinu iliyotumika ni ileile inayotosha kwa sungura wa chumba kimoja Kariakoo.

Sababu ya kutumia sauti ni muda. Sungura huunganisha tendo na malipo yanayofika ndani ya sekunde moja hivi. Mfugaji anayetafuta jani mfukoni kwa sekunde tano hulipa tendo jingine, pengine lile la kugeuka na kuondoka. Sauti hufika papo hapo na kuahidi kwamba zawadi inafuata. Kalamu ya kubonyeza inatosha, au mdoko mfupi wa ulimi. Sauti iwe ileile siku zote, na isiwe kali.

Kuifundisha huchukua masomo mawili au matatu. Mfugaji hubonyeza kalamu mara moja, kisha hutoa kipande cha jani, bila kumtaka sungura afanye lolote. Hurudia mara kumi na kuacha. Sungura akianza kugeuka kutafuta zawadi kila asikiapo sauti, ishara imeeleweka. Tangu hapo sauti haitolewi bila zawadi, hata kama imetolewa kwa makosa.

Kabla ya hapo hufanywa jaribio dogo la mapendeleo: vipande vya majani manne tofauti huwekwa kwenye sahani na kutazamwa anachoanza nacho kwa siku tatu. Kinachochaguliwa kwanza hutunzwa kwa kazi ngumu, na kinachofuata hutumika kwa kazi za kila siku.

Masomo kwa mpangilio

Kila somo huchukua dakika tatu hadi tano, mara moja au mbili kwa siku, na vipande vinane hadi kumi vya zawadi. Huhesabiwa na kuwekwa pembeni kabla ya kuanza. Vikiisha, somo limeisha.

*Kuja mkononi.* Mfugaji hukaa chini na kunyoosha kiganja kilicho wazi chenye jani. Sungura akisogea hata hatua moja, husikia sauti na kupata jani. Baada ya siku chache kiganja hubaki kitupu, na zawadi hutoka mkono wa pili baada ya pua kugusa kiganja.

*Kuitika jina.* Jina fupi la silabi mbili hutamkwa mara moja kabla ya kunyoosha kiganja. Umbali huongezwa kidogo kidogo, kutoka nusu mita hadi chumba kizima. Jina halitumiki kumwita kwa jambo asilolipenda, kama dawa au kukatwa kucha, mpaka awe amelizoea kwa majuma kadhaa.

*Kijiti cha kufuata.* Kijiti chenye kizibo cha chupa nchani huletwa karibu na pua. Sungura akikigusa, hulipwa. Akishajua kukigusa atakifuata kinakokwenda, na kwa njia hiyo ataongozwa juu ya mizani, kuzunguka kiti au kuruka ubao wa sentimita 10, pasipo kusukumwa wala kuvutwa.

*Kuingia tengani.* Hili ndilo somo lenye faida kubwa kuliko yote. Sokoni sungura mara nyingi hubebwa kwa masikio, jambo linalomuumiza na kumfundisha kuuogopa mkono. Hata akibebwa vizuri, teke moja kali la miguu ya nyuma linaweza kuuvunja uti wa mgongo wake usiposhikiliwa. Sungura anayeingia mwenyewe hana haja ya kukamatwa. Tenga au boksi la kusafiria huachwa wazi chumbani siku kadhaa likiwa na nyasi ndani. Kisha sungura hulipwa kwa kulikaribia, kwa kuingiza kichwa, kwa kuingiza miguu ya mbele, na hatimaye kwa kuingia mwili mzima. Mlango hufungwa kwa sekunde mbili na kufunguliwa, halafu kwa dakika moja, halafu tenga huinuliwa kidogo na kushushwa. Kipande cha papai kinafaa hapa.

*Choo.* Beseni pana huwekwa katika kona ambayo sungura mwenyewe ameshaichagua. Ndani yake hutandazwa magazeti yaliyochanwa au maranda makavu ya mbao isiyotiwa dawa, na nyasi za kula huwekwa ukingoni, kwa sababu sungura hupenda kujisaidia akiwa anakula. Punje chache za kinyesi chake huachwa humo kama alama. Kila aonekanapo akijisaidia ndani ya beseni hupewa jani mara amalizapo. Mkojo uliomwagika nje hufutwa kwa maji na siki ili harufu isimrudishe hapo. Madume na majike waliokomaa huweka alama za mkojo hata wakifunzwa. Kuhasiwa na daktari wa mifugo mwenye uzoefu na sungura hupunguza tabia hiyo sana.

*Kushikwa na kukaguliwa.* Mkono hugusa bega kwa nusu sekunde, sauti hutolewa, zawadi hufuata. Siku zinazofuata mkono hugusa sikio, mguu, kidevu na tumbo. Mwisho wake ni sungura anayekubali kuangaliwa meno, kucha na sehemu ya mkia, ambayo wakati wa mvua na joto inahitaji kuwa kavu ili nzi wasitage humo.

Matatizo ya kawaida

Sungura asiyegusa zawadi siku ya kwanza kwa kawaida ana hofu. Jani huachwa sakafuni, mfugaji husogea mbali, na siku inayofuata umbali hupunguzwa.

Anayeng'ata vidole hupewa zawadi juu ya kijiko cha mbao au kiganja kilichonyooka. Mkono hauondolewi kwa pupa, kwa sababu kumkimbia humfundisha kwamba kung'ata kunafanya kazi.

Anayetafuna miguu ya viti hana ukaidi. Meno yake yanadai kazi. Hupewa matawi ya mpera yaliyooshwa na nyasi ngumu, na hulipwa anapoyachagua. Anayekwangua mkeka huwekewa boksi la karatasi chakavu ambamo kuchimba kunaruhusiwa.

Adhabu haina nafasi katika mafunzo haya. Kofi, kelele au kumwagiwa maji havimwelezi sungura alichokosea. Humwonyesha tu kwamba mtu huyo ni wa kuogopwa, na kazi ya majuma hupotea kwa dakika moja. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumtendea mnyama ukatili.

Palipo na sungura wawili, kila mmoja hufunzwa peke yake na mwenzake akiwa na nyasi upande wa pili wa wavu, kwani zawadi moja kati ya wawili huanzisha ugomvi. Palipo na watoto, kikombe kimoja chenye zawadi za siku huwekwa mahali pa wazi. Kila mtu wa nyumba, wageni wakiwamo, huchukua humo tu, na kikombe kikiwa kitupu hakuna cha kuongeza mpaka kesho.

Kupunguza zawadi

Tendo likishafanyika mara nane kati ya kumi bila kusita, malipo huanza kupunguzwa. Hulipwa mara moja kati ya mbili, kisha mara moja kati ya tatu, kwa mpangilio usiotabirika. Tendo linalolipwa hivyo hudumu zaidi kuliko lile lililolipwa kila mara na kisha likaachwa ghafla. Katika nafasi zisizo na chakula, kukunwa paji la uso na mashavu huwa malipo kwa sungura aliyekwisha kuzoea mkono. Kuingia tengani na kuitika jina huendelea kulipwa mara kwa mara maisha yote, kwa sababu ndiyo matendo yanayohitajika siku ya dharura.

Zawadi kama kipimo cha afya

Sungura hupimwa uzito kila wiki, saa ileile, na namba huandikwa. Uzito ukipanda mfululizo, matunda huondolewa kwanza, kisha peleti hupunguzwa. Majani na nyasi haviguswi. Kinyesi laini kikionekana kimeachwa sakafuni bila kuliwa kwa siku mbili, chakula kina sukari au wanga kupita kiasi, na zawadi zote zisizo majani husimamishwa.

Mafunzo ya kila siku humwonyesha mfugaji mapema kwamba kuna kasoro. Sungura huficha ugonjwa, lakini anayekimbilia giligilani kila jioni na leo akageuza uso ameshatoa habari. Akikosa kula kwa saa 12, au kinyesi kikiwa kidogo sana au kikakatika, hiyo ni dharura, na daktari wa mifugo hutafutwa siku hiyo hiyo. Kupumua kwa kasi mdomo ukiwa wazi, masikio yakiwa ya moto, ni dalili ya joto kali: sungura huhamishiwa kivulini na masikio yake hulowanishwa kwa maji ya kawaida, si ya barafu, wakati msaada unatafutwa. Afisa mifugo wa kata anaweza kuelekeza alipo daktari.

Dawa hazinunuliwi kwa kubahatisha katika maduka ya pembejeo. Penisilini na amoksilini za kunywa, ambazo hutumika sana kwa binadamu na kwa wanyama wengine, huua vijidudu vyema vya tumbo la sungura na huweza kumuua yeye mwenyewe. Anayepelekwa kwa daktari hupelekwa ndani ya tenga alilofunzwa kuliingia, pamoja na daftari la uzito, orodha ya vyakula na zawadi za wiki iliyopita, na punje za kinyesi chake cha mwisho ndani ya mfuko safi.